Neno "balts" la Kilatvia: ni "-eupe" tu au lina mengine? Na Bahari ya Baltiki imetoka humo?

#1 Mlalahoi wa Riga (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Nipo Riga kimasomo, Kilatvia changu ni cha kuombea maji. Kuna kivumishi kinanitesa: balts. Darasani tulifundishwa ni "-eupe", basi. Mkate mweupe baltmaize, divai nyeupe baltvīns, theluji, karatasi, maziwa, vyote balts. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi ni bibi mwenye nyumba. Kila akimtaja marehemu mama yake anasema "balta māmuliņa". Picha ya huyo mama imetundikwa sebuleni: nywele nyeusi tii, gauni jeusi, uso uliopigwa na jua la shamba. Nikamuuliza, weupe uko wapi? Akacheka, akasema si mambo ya rangi hayo, akaenda kubandika chai.

Basi naomba mnisaidie maana zake na asili yake. Halafu hili la Baltiki: mwalimu anasema jina la bahari limetoka kwenye balts, yaani Bahari Nyeupe. Kuna Mlithuania darasani anasema huo ni uongo mtupu. Nusura washikane mashati.

#2 Chapati Ndefu
Siti ya mbele. Wajuzi waje, mimi kwenye Kilatvia ni mweupe kabisa.

#3 Kasuku Mweusi
> Chapati Ndefu: mimi kwenye Kilatvia ni mweupe kabisa

Jamaa kajibu swali bila kujua. Huo weupe wako wa kichwani una rangi gani? Sisi tuna "mweupe" wa kutojua kitu, tuna "moyo mweupe", tuna "mchana kweupe". Mleta uzi anashangaa nini Mlatvia naye akiwa na ya kwake?

#4 Otis wa Likoni
Mnajisumbua bure. Warusi husema belyi, Walatvia wakachukua wakabandika s mwishoni. Si walitawaliwa na Urusi? Case closed, twende tukanywe chai.

#5 Msomi wa Jioni
Otis, shusha pumzi. Kilatvia si Kirusi wala si cha ukoo wa Kislavi. Ni tawi la Kibaltiki, na ndugu yake wa karibu aliye hai ni Kilithuania. Kulikuwa na Kiprusi cha Kale pia, kilikufa mwanzoni mwa karne ya 18.

Sasa angalia. Kilithuania "-eupe" ni baltas, Kilatvia balts. Ile t katikati haipo kwenye belyi. Kama waliazima, t waliitoa wapi? Wanaisimu wanazirudisha zote kwenye mzizi mmoja wa zamani sana wa lugha za Kihindi-Kiulaya, bhel-, wenye maana ya kung'aa au kuwa cheupe. Waslavi wakaenda nao upande wao, ndiyo maana kuna Belarus na kuna Beograd, mji mkuu wa Serbia, yaani mji mweupe. Wabaltiki wakauongezea t. Hiyo s ya mwisho ni alama ya jinsia ya kiume tu, ya kike ni balta.

Na ndani ya Kilatvia chenyewe neno lina nduguze: bāls ni aliyepauka, balināt ni kufanya kitu kiwe cheupe. Zamani kitani kilichofumwa kilitandazwa majanini, kinalowanishwa, kinaachwa juani, kinalowanishwa tena, mpaka king'ae. Hicho ndicho balināt. Neno lenye familia kubwa hivyo nyumbani kwake si la kuazimwa.

#6 Otis wa Likoni
Sawa prof. Na Belarus kwa Kilatvia inaitwaje?

#7 Mlalahoi wa Riga
Baltkrievija.

#8 Otis wa Likoni
Na Urusi?

#9 Mlalahoi wa Riga
Krievija.

#10 Otis wa Likoni
Si mnaona? Balt-Krievija. Nilisema kuna Mrusi humu ndani.

#11 Msomi wa Jioni
Hahaha. Hiyo ni tafsiri ya jina la nchi, "Urusi Nyeupe", wameweka balt- yao mahali pa bel-. Tena hapo inaonekana wazi kwamba walikuwa na neno lao, wangekuwa wameazima wasingehitaji kutafsiri. Na Krievija yenyewe imetokana na Wakrivichi, kabila la Kislavi lililopakana nao mashariki. Walatvia walimjua jirani mmoja, wakawaita Warusi wote kwa jina lake.

#12 Shangazi wa Mtoni
Habari zenu wanangu. Mimi nimeolewa huku Latvia, upande wa kaskazini, karibu na Cēsis. Niseme ninayoyasikia nyumbani.

Huyo bibi hakukosea. Kwenye dainas, nyimbo fupi za asili za Walatvia ambazo nyingi ni za mistari minne tu, balts limejaa kila kona. Mama ni balta, bibi harusi ni balta, shuka ya sufu ya kujifunika mabegani, villaine, nayo ni balta. Balta māmuliņa ni mama mwema, mpenzi, asiye na doa. Hata angekuwa mweusi kama chungu angebaki balta.

Mtu anayetaka kujiridhisha aende Maktaba ya Taifa pale Riga akaone kabati la Krišjānis Barons. Alizipanga hizo nyimbo kwenye vijikaratasi vyembamba, sentimita 3 kwa 11, vimesimamishwa kwenye visanduku vidogo vidogo, maandishi ya mkono kama nyayo za sisimizi. Alizichapa kuanzia 1894 hadi 1915, karibu nyimbo 218,000. UNESCO waliliingiza kabati hilo kwenye Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2001. Vuta droo yoyote, balts hutalikosa.

#13 Bint Mkunazini
Ahsante shangazi. Naongezea moja alilogusa Kasuku. Sisi tunasema "mpaka kukapambazuka kweupe". Mleta uzi, wao wana kitu hicho?

#14 Mlalahoi wa Riga
Wanacho! "Līdz baltai gaismai", neno kwa neno ni mpaka kwenye mwanga mweupe. Yaani mtu kakesha mpaka kweupe. Majirani zangu wa ghorofa ya juu wanaiishi hiyo kila Ijumaa.

#15 Fundi Saa
Basi hapo ndipo penye jibu, mnalipita tu. Mnaanza na rangi halafu mnatafuta jinsi ilivyogeuka kuwa wema. Mzizi aliotutajia Msomi hauanzii kwenye rangi, unaanzia kwenye kung'aa. Mwanga ndio wa kwanza. Asubuhi ni balta kwa sababu inang'aa, mama ni balta kwa sababu anang'aa machoni pa mwanawe, theluji ni balta kwa sababu inang'aa. Rangi ni mtoto wa mwisho humo.

#16 Kasuku Mweusi
Naheshimu hoja ila sikubali. Mimi naona ni usafi. Watu walivaa kitani na sufu, kazi yote ya mwanamke wa shamba ilikuwa kukitoa kitambaa kwenye ukijivu mpaka kiwe cheupe. Cheupe maana yake kimefuliwa, kimehangaikiwa, kina heshima. Mama akiwa balta maana yake ni mama anayewaweka watoto wake safi. Huko kung'aa kwa mizizi ya miaka elfu tano mkulima wa karne ya 18 alikujulia wapi?

#17 Fundi Saa
Na wewe ukisema "kweupe" huwa unakumbuka nini cha wahenga? Lugha hukumbuka kwa niaba yako.

#18 Shangazi wa Mtoni
Msigombane. Mume wangu nimemuuliza yuko hapa anakula, kasema kwake ni siku ya sikukuu. Tarehe 4 Mei, siku ya kukumbuka tamko la 1990 la kurejesha uhuru, watu hutandika kitambaa cheupe mezani wakala pamoja na majirani. Wanaiita sikukuu ya kitambaa cheupe, Baltā galdauta svētki. Kwetu huku meza zinatolewa uani, kila nyumba inakuja na sahani yake, lakini kitambaa lazima kiwe cheupe na kipigwe pasi. Mwaka mmoja nilitandika chenye maua, mama mkwe hakusema kitu. Alikikunja tu taratibu akaleta chake.

#19 Bint Mkunazini
Mama wakwe dunia nzima ni chuo kimoja walisoma 😂

#20 Chapati Ndefu
Shangazi, hizo sahani zina nini? Tuache isimu kidogo.

#21 Shangazi wa Mtoni
Pīrāgi, vimkate vidogo vimejikunja kama mwezi mchanga, ndani kuna kitunguu na nyama ya nguruwe ya kukaushwa kwa moshi. Waislamu mnaokuja kutembea, ulizeni kwanza.

#22 Bint Mkunazini
Taarifa imefika. Mungu akulipe.

#23 Mzee Kobe
Nirudi kwenye bahari, maana swali la pili limeachwa njiani. Jina mare Balticum tunalipata kwa Adam wa Bremen, kasisi Mjerumani aliyeandika kwa Kilatini katika karne ya 11. Na sababu aliitoa mwenyewe: bahari hiyo imenyooka kama mkanda, balteus kwa Kilatini. Hakutaja weupe. Isitoshe, milango ya bahari ya Denmark inaitwa Storebælt na Lillebælt hadi leo, na mkanda kwa Kidenmark ni bælte. Kwa hiyo huyo Mlithuania wa darasani apewe maua yake.

#24 Fundi Saa
Mzee Kobe, shikamoo. Lakini Adam naye alikuwa anabahatisha kama sisi. Mtu wa Bremen kasikia jina la wenyeji, analijua neno la Kilatini linalofanana, kaunganisha. Kila msomi wa zamani alifanya hivyo. Na Plini wa Roma, miaka elfu moja kabla yake, alishataja kisiwa kiitwacho Baltia huko kaskazini. Jina lilikuwepo kabla ya mkanda wa Adam.

#25 Mzee Kobe
Marahaba. Baltia ya Plini hakuna anayejua ilikuwa wapi, na alipewa habari na watu waliopewa habari. Ukijenga nyumba juu ya hiyo usishangae ikizama.

#26 Muscat Kavu
Salaam kutoka Maskati. Niwape kitu. Kiarabu bahari ya Mediterania ni al-Bahr al-Abyad al-Mutawassit, Bahari Nyeupe ya Kati. Waturuki nao wanaiita Akdeniz, Bahari Nyeupe. Kwa hiyo kuiita bahari nyeupe si ajabu hata kidogo. Hapo naiunga mkono hoja ya mwalimu.

#27 Msomi wa Jioni
Muscat Kavu, zuri sana hilo, ila lina mtego. Kilatvia wanayo Bahari Nyeupe: Baltā jūra. Ni ile ya Urusi kaskazini, karibu na Arkhangelsk. Yao wenyewe wanaiita Baltijas jūra, na huo umbo wenye -ij- unanuka kitabu, umetoka kwenye lugha za wasomi ukarudi nyumbani. Wangekuwa wameipa jina wenyewe kutokana na balts, ingekuwa Baltā jūra tangu mwanzo. Kwenye zile nyimbo za shangazi ni jūra tu, bahari. Ukiwa na bahari moja huna haja ya kuipa jina.

#28 Mlalahoi wa Riga
Huo umenigusa. Lakini wakuu, mmefika Jūrmala? Mchanga wa pale ni mweupe, unga kabisa. Na baridi ikikaza Ghuba ya Riga inaganda. Februari nilisimama ufukweni nikatazama mbele: barafu, theluji juu yake, mbingu nyeupe, huoni bahari inaishia wapi. Mtu akiniambia jina lilizaliwa siku kama ile nitamwelewa.

#29 Otis wa Likoni
Kwa hiyo Diani nayo tuite Baltiki? Mchanga wetu ni mweupe kuliko wa kwenu.

#30 Mzee Kobe
😂 Otis leo umeongea. Na majirani wao wala hawajali rangi. Wajerumani wanasema Ostsee, Bahari ya Mashariki. Waestonia wanasema Läänemeri, Bahari ya Magharibi, maana kwao iko magharibi. Wafini ndio kichekesho: Itämeri, Bahari ya Mashariki, ilhali kwao iko kusini na magharibi. Walitafsiri jina la Waswidi bila kugeuza ramani.

#31 Ngwini wa Kariakoo
Mimi nasema wazi. Hawa watu wamejiita Wabaltiki kwa kujisifia ngozi nyeupe. Mmeona nywele zao? Balti kwa wingi ni "weupe", na balti hao hao ni jina la watu. Mnazunguka nini?

#32 Msomi wa Jioni
Ngwini, umbo ni moja kweli, ila hawakujiita. Aliyeanza kutumia "Kibaltiki" kwa kundi hili la lugha ni Mjerumani Nesselmann, mwanaisimu wa Königsberg, mwaka 1845. Kabla ya hapo "Wabaltiki" walikuwa hasa mabwana wa Kijerumani waliomiliki ardhi huku. Mkulima wa Kilatvia alijiita Mlatvia, au alijitaja kwa kijiji chake. Jina likatoka kwenye bahari likaenda kwa wasomi, kwa wasomi likaja kwa watu. Kwamba kwa Kilatvia limeangukia kufanana na "weupe" ni bahati, au si bahati, kutegemea unamwamini nani hapo juu.

#33 Ngwini wa Kariakoo
Jibu la kisiasa hilo.

#34 Chapati Ndefu
Na Baltimore je? Mji wa weupe zaidi? Kuna Mlatvia alifika Marekani kabla ya Kolombo?

#35 Kasuku Mweusi
Baltimore ni Kiayalandi, "mji wa nyumba kubwa", ukaja Marekani na cheo cha bwana mmoja. Usituletee na Balotelli.

#36 Chapati Ndefu
Nilikuwa naandika Balotelli 😭

#37 Kontena la Kurasini
Mimi nipo kwenye mizigo bandarini, Baltiki ninayoijua ni faharasa ya bei za kukodi meli, ile bosi anaiangalia kila asubuhi kabla ya kusalimia watu. Kumbe nayo imetoka huko?

#38 Mzee Kobe
Imetoka huko. London karne ya 18 wafanyabiashara walikutana kwenye mkahawa wa kahawa, na mwaka 1744 mkahawa huo ulijulikana kwa jina la Virginia and Baltick, kwa kuwa waliokaa pale walifanya biashara na makoloni ya Marekani na bandari za Baltiki. Baltic Exchange ya leo, inayotoa faharasa ya bosi wako, ni mjukuu wa meza zile.

#39 Fundi Saa
Ngoja niwachanganye zaidi. Kuna kundi linalosema balt- haina uhusiano na rangi wala mkanda, bali na maji yaliyotuama. Kilithuania bala ni kinamasi. Warusi wana boloto, kinamasi. Wapoland błoto, matope. Ziwa Balaton la Hungaria nalo jina lake limetoka kwa Waslavi, humo humo. Kialbania baltë, tope. Sasa Baltiki ni bahari iliyofungwa, maji yake yana chumvi kidogo sana, inaingia baharini kuu kwa vijimlango vya Denmark tu. Mtu wa zamani angeiona kama ghuba kubwa iliyotulia. Na wengine wanasema hata hicho kinamasi kimeitwa hivyo kwa sababu ya weupe wa maji yake, kwa hiyo tunarudi pale pale.

#40 Otis wa Likoni
Kwa hiyo balta māmuliņa ni mama wa matope. Mleta uzi, kamwambie bibi.

#41 Mlalahoi wa Riga
Nikimwambia nitalala nje, na huku nje usiku huu ni nyuzi 9 chini ya sifuri.

#42 Msomi wa Jioni
Kwa Walatvia kinamasi ni purvs, neno jingine kabisa. Kuna mtaa Riga unaitwa Purvciems, "kijiji cha kinamasi", umejaa magorofa. Kwa hiyo Fundi, hata kama nadharia yako ni ya kweli kwa bahari, kwenye Kilatvia haina miguu.

#43 Fundi Saa
Sikusema jina lilitolewa na Walatvia. Soma tena.

#44 Ngwini wa Kariakoo
Swali la pembeni. Hawa nao waliwahi kuwa na koloni Afrika au hii niliyosikia ni chai?

#45 Mzee Kobe
Si chai. Mwaka 1651 Jakob Kettler, mtawala wa Kurland, ambayo leo ni magharibi ya Latvia, alipata kisiwa kwenye mto Gambia akajenga ngome. Waingereza wakakichukua 1661. Leo kinaitwa Kisiwa cha Kunta Kinteh. Kettler alikuwa mtu wa ukoo wa Kijerumani, na Walatvia wenyewe wakati huo walikuwa watwana kwenye mashamba ya mabwana hao. Kwa hiyo ukimkuta Mlatvia usimdai fidia haraka haraka.

#46 Ngwini wa Kariakoo
Nilishaandaa ankara.

#47 Bint Mkunazini
Tumetoka Riga tumefika Banjul. Mleta uzi, swali la sarufi: nimeona umeandika balta, Shangazi kaandika baltā yenye kamstari juu. Ni makosa ya kuchapa?

#48 Shangazi wa Mtoni
Si makosa mwanangu. Balta ni "-eupe" yoyote, baltā ni ile inayojulikana, mliyokwisha kuitaja. Kwa kiume balts na baltais. Balts zirgs, farasi mweupe fulani. Baltais zirgs, yule farasi mweupe. Riga jumba la opera wanaliita Baltais nams, Nyumba Nyeupe, na kila mtu anajua ni lipi. Ukikosea mwisho wa neno dukani wanakuelewa. Ukikosea mezani kwa mama mkwe, anakusahihisha.

#49 Kasuku Mweusi
Shangazi, huyo mama mkwe afunguliwe uzi wake.

#50 Mlalahoi wa Riga
Ahsanteni wakuu. Nimempelekea mwalimu hoja ya Baltā jūra na ya mkanda wa Adam. Kasema mkanda ni porojo za Wajerumani. Mlithuania kasema mwalimu hajui hata Kilithuania. Kesho tuna mtihani wa mdomo na wote wawili watakuwepo.

#51 Otis wa Likoni
Sema imetoka kwa Warusi, wataungana wote dhidi yako.